Matikiti yaliyopinda: je, ninunue mizinga kumi?

*Shikamoo bwana nyuki. Nalima matikiti maji ekari tatu huku Mkuranga, huu unaokuja ni msimu wangu wa tatu. Msimu uliopita ulinivunja moyo. Vitikiti vingi vilikauka vikiwa na ukubwa wa yai, na yaliyokomaa karibu nusu yalipinda, upande mmoja mnene, mwingine mwembamba kama shingo ya kibuyu. Dalali akayachukua kwa bei ya kutupa. Mbolea niliweka, maji ya kisima yapo, na dawa napiga mara mbili kwa wiki, asubuhi kabla jua halijawa kali. Jamaa yangu ananishauri ninunue mizinga kumi ya nyuki. Nimeona pia video ya Marekani, malori yanasomba nyuki kwenda mashambani na wakulima wanawakodi. Huku kwetu inawezekana? Mizinga mingapi itanitosha? Na asali nitapata? Mke wangu hataki kusikia habari hii kwa sababu ya watoto na mbuzi.*

Marahaba, kijana wangu. Umeuliza idadi ya mizinga na nitakutajia, lakini barua yako ina maneno machache uliyoyapita mbio: dawa napiga asubuhi. Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini nikatikisa kichwa. Ukileta mizinga kumi leo na ratiba ya bomba la dawa ikabaki vilevile, utakuwa umenunua makaburi kumi.

Tuanze na ua lenyewe, maana wakulima wengi wa matikiti wanalijua tunda kuliko ua.

Ua la tikiti lina asubuhi moja tu ya kuishi. Jua likishachomoza, kwenye saa moja au saa mbili, linafunguka. Alasiri limefumba, na kesho halifunguki tena. Kama hakuna aliyelitembelea asubuhi hiyo, basi. Na mche mmoja una maua ya aina mbili. Ua dume limekaa juu ya kikonyo chembamba bila kitu chochote. Ua jike utalijua kwa katikiti kadogo kenye manyoya laini, kaliko chini ya petali hata kabla ua halijafunguka. Madume hutangulia kwa siku kadhaa, na ni mengi: kwa kila jike moja tegemea madume sita au saba. Wapo wanaonipigia simu wakilalamika kwamba maua ya mwanzo yote yameanguka bila kuzaa. Hayo yalikuwa madume, kazi yake ni kutoa chavua na kuanguka.

Chavua ya tikiti, ule unga wa njano, ni nzito na inanata. Upepo wa bahari unaotikisa minazi yenu hauwezi kuibeba kama unavyobeba ya mahindi. Lazima mdudu aibebe mwilini kutoka kwenye dume hadi kwenye jike, na aifikishe ingali mbichi.

Sasa angalia katikati ya ua jike. Utaona kidude cha kijani chenye mafundo matatu yaliyobanana. Ndiyo stigma, mlango wa chavua, na kila fundo linahudumia kwa sehemu kubwa upande wake wa tunda. Ili tikiti lijae vizuri, zinahitajika chembe za chavua kati ya 500 na 1,000, tena zienee kwenye mafundo yote matatu. Nyuki mmoja kwa safari moja haachi kiasi hicho. Watafiti wa Marekani walikaa mashambani miaka ya 1960 wakihesabu, wakaona ua jike linahitaji kutembelewa na nyuki walau mara nane. Likitembelewa mara mbili tatu, ama linanyauka likiwa na ukubwa wa yai, ama linaendelea kukua upande ulioshiba chavua huku upande mwingine ukisinyaa. Hicho ndicho kibuyu chako.

Usiniamini kwa maneno. Msimu huu ukipata tikiti lililopinda, likate kwa urefu na utazame mbegu. Kila mbegu iliyojaa ni chembe moja ya chavua iliyofika, na mbegu zinazokua ndizo zinazoiamuru nyama iliyo karibu yake itanuke. Upande mnene utakuta mbegu nyeusi au za kahawia, ngumu. Upande mwembamba utakuta vimbegu vyeupe laini, vitupu kama makapi ya mpunga. Ukiona hivyo, hukumu imetoka: uchavushaji ulikuwa haba. Lakini kama upande ulioharibika una kitundu kidogo kama cha sindano, kimevuja utomvu, na ndani mna funza, huyo ni inzi wa matunda, na nyuki hata wawe laki moja hawatakusaidia. Kitako kikiwa kimeoza na kuwa cheusi, tatizo ni maji ya leo mengi kesho hakuna, pamoja na upungufu wa chokaa kwenye udongo. Na urea ikizidi, utapata majani ya kupendeza, kijani mpaka jicho linauma, na maua jike ya kuhesabu.

Tena usilie kwa kila kitikiti kinachokauka. Mche wa tikiti unajijua. Ukishabeba matunda mawili matatu, hayo mengine unayaacha hata kama yalichavushwa na malaika.

Hesabu kabla hujanunua

Hapa nina ugomvi wa siku nyingi na wenzangu wa fani hii. Mkulima akisema matunda hayashiki, tunakimbilia kumwambia aweke mizinga, kana kwamba shamba lake liko mwezini. Mkuranga haijakauka nyuki. Mna mikorosho, minazi, miembe, vichaka, na mikoko haiko mbali. Swali la kwanza ni kama nyuki wanafika shambani kwako ule wakati ua limefunguka. Hilo unaweza kulijibu mwenyewe bila kunilipa nauli.

Shamba likishachanua, ingia kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, siku isiyo na mvua, siku ambayo hukupiga dawa. Tembea polepole kwenye tuta ukihesabu maua yaliyofunguka, na kwa kila ua utazame kama lina nyuki. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa mazao ya jamii hii ni walau nyuki mmoja kwa kila maua 100, wakati wowote wa asubuhi hiyo. Fanya hivyo katikati ya shamba na pembezoni, siku tatu tofauti, uandike. Ukipata nyuki wawili watatu kwa maua 100, acha habari ya mizinga, tafuta kosa kwingine. Ukitembea maua 400 ukakutana na nyuki mmoja aliyepotea njia, una njaa ya nyuki.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda zaidi, kwa sababu halibishaniwi. Tafuta nyuzi za rangi tatu na vipande vya chandarua chakavu. Jioni, chagua maua jike ambayo yatafunguka kesho yake; utayajua kwa ncha ya njano inayoanza kuchungulia. Kumi yafunike kwa chandarua yasiguswe na mdudu. Kumi yafunge uzi tu, uyaache wazi. Kumi ya mwisho yafunge uzi wa rangi nyingine, na asubuhi saa moja au mbili uyachavushe kwa mkono: chuma ua dume lililofunguka, ling'oe petali, kisha pakaza ule unga kwenye mafundo yote matatu ya stigma, taratibu, bila kukwaruza. Baada ya wiki moja rudi ukahesabu. Yaliyofunikwa yatakuwa yamekauka yote au karibu yote, na hapo utakuwa umeona kwa macho yako kwamba tikiti haliwezi kujizalisha lenyewe. Linganisha sasa makundi mawili yaliyobaki. Kama ya mkono yameshika vizuri kuliko yaliyoachwa wazi, nyuki hawatoshi. Kama yako sawa, nyuki wanatosha, na pesa ya mizinga inunulie samadi.

Kwa nini nisikuambie uchavushe shamba zima kwa mkono? Piga hesabu. Kwa nafasi ya mita 2 kwa 1, ekari moja inachukua kama miche 2,000. Ekari tatu ni 6,000, na ukitaka matunda mawili kila mche hayo ni maua jike 12,000, yote yaguswe kabla ya saa nne, yakifunguka kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi. Kwa bustani ya nyuma ya nyumba sawa. Wakulima wa vanila kule Bukoba na Uganda wanaishi kwa kazi hiyo ya mkono, kwa sababu vanila yao asili yake ni Meksiko na huku haina mdudu wake. Tikiti limezaliwa Afrika hii hii, na nyuki wetu wanalijua tangu enzi. Tuwaachie.

Bomba lako

Sasa rudi kwenye ratiba. Alfajiri au asubuhi kabla jua halijawa kali, maana yake unamaliza kupiga dawa wakati ua ndiyo linafunguka. Nyuki wa kwanza anayetua anakuta petali na chavua vimelowa sumu. Kama ni dawa ya kugusa, anakufa shambani au njiani. Kama imemkosa kumuua, anarudi kwao amelewa, hawezi kucheza ngoma yake. Sisemi mafumbo: nyuki aliyepata chakula huwaelekeza wenzake kwa kucheza juu ya sega, akionyesha upande na umbali. Karl von Frisch alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa utafiti uliolifumbua jambo hilo. Nyuki asiyerudi hamwelekezi mtu, na shamba lako linafutika kwenye ramani ya mzinga.

Kuanzia siku unapoona ua la kwanza, hamishia bomba jioni, saa kumi na mbili kwenda mbele. Maua yamefumba, nyuki wamelala, na dawa inapata usiku mzima kukauka. Hilo peke yake nimeliona likibadilisha mashamba bila mzinga hata mmoja kuletwa. Lakini kuna dawa ambazo hata jioni hazifai wakati wa maua, zile zinazonyonywa na mche na kuzunguka ndani yake mpaka zikafika kwenye chavua na kwenye mbochi, yaani ule utamu wa ua. Imidacloprid na ndugu zake ni za kundi hilo. Umoja wa Ulaya ulizizuia tatu kati yao kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018, kwa ajili ya nyuki hasa. Soma lebo ya chupa uliyonayo, utafute jina la kiambato na siyo jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa. Maandishi yakisema ni hatari kwa nyuki, amini.

Na hiyo mara mbili kwa wiki, nani alikupangia? Dawa ya kalenda ni kama kunywa vidonge vya malaria kila Jumatatu bila kupima. Ingia shambani, geuza majani, hesabu wadudu, ndipo uamue. Inzi wa matunda anadhibitiwa vizuri kwa mitego na kwa kuokota matunda yaliyotobolewa na kuyafukia shimo refu, badala ya kuyarundika pembezoni kama nilivyoona kwa wengi.

Majirani nao. Mkuranga ni nchi ya mikorosho, na kuanzia mwezi wa sita hivi mikorosho inapochanua watu wanapuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga. Salfa si sumu kali kwa nyuki kama hizo nyingine, ila wengine siku hizi wanachanganya na dawa ya wadudu ili wamalize kazi kwa mpigo mmoja. Hapo nenda ukaongee nao kwa upole, kabla ya msimu, maana korosho zao pia zinahitaji wadudu wa maua.

Jambo la mwisho kabla ya mizinga: kama unamwagilia kwa kurusha maji juu, acha kufanya hivyo asubuhi. Chavua ikilowa inaharibika na nyuki hatui kwenye ua linalochuruzika. Maji ya matone, au maji kwenye shina jioni, hayana ugomvi na ua.

Haya, mizinga

Video uliyoiona ni ya kweli. Kila Februari malori yanamiminika California kwenye mashamba ya lozi, ambayo yamepita ekari milioni moja, na kwa kawaida huwekwa mizinga miwili kwa ekari. Lakini angalia ni nyuki gani. Amerika haikuwa na nyuki hawa wa asali kabisa. Walowezi waliwapeleka kutoka Ulaya, wakafika Virginia mwaka 1622. Ni nyuki wa nchi za baridi, waliochaguliwa vizazi na vizazi kwa upole na kwa kukaa mahali. Unafunga mlango wa mzinga, unapakia lori, unaendesha usiku kucha, asubuhi wako kazini.

Wa kwetu wana tabia nyingine. Kwa maelfu ya miaka wameibiwa na nyegere, na siafu, na moto wa nyika, na sisi warina asali. Aliyebaki ni yule anayeshambulia haraka au anayehama haraka. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na kutoka kwetu Tanganyika, akataka kuboresha nyuki wa kwao. Mwaka uliofuata makundi 26 yakamtoroka. Uzao wao umeenea leo mpaka kusini mwa Marekani, na huko magazeti yaliwapa jina la nyuki wauaji. Mimi huwa nacheka: ni nyuki wale wale ambao wazee wa Tabora walikuwa wakiwarina usiku juu ya mti kwa mwenge wa magome.

Kwa hiyo biashara ya kukodi kama ile ya California usiitegemee. Niliwahi kujaribu kuhamisha mizinga minane ya viunzi vya juu, yaani vile vijiti vilivyolazwa juu ambavyo nyuki huning'iniza masega, kwenda kwenye shamba la miembe, nilipokuwa bado kijana na kiburi. Gari lilichelewa, tukasafiri mchana. Masega yananing'inia kwenye kiunzi bila fremu. Kwa joto na mashimo ya barabara yakakatika, asali ikawafunika nyuki humo ndani. Makundi mawili yalipona. Wiki ya pili na hayo mawili yalikuwa yamehama. Mwenye shamba hakuniambia neno baya, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Njia ya kwetu ni kuwaita waje wenyewe. Unatundika mzinga mtupu, safi, uliopakwa nta ya nyuki kwenye viunzi na mlangoni, kundi linalohama linauona, linaingia. Mzinga uwe wa viunzi vya juu au wa fremu, fundi wa kijijini anaweza kuutengeneza, ila hakikisha upana wa kiunzi ni milimita 32 hivi, ndio mwendo wa masega ya nyuki wetu. Ukiwa mpana, watajenga mshazari, na hutaweza kuinua hata kimoja.

Hapa kuna hesabu ambayo wauza mizinga hawakutajii. Kundi likiingia leo, malkia anaanza kutaga sega likishapatikana. Yai huchukua karibu wiki tatu mpaka kuwa nyuki kamili. Nyuki huyo naye hufanya kazi za ndani, kulea, kujenga, kulinda mlango, karibu wiki tatu nyingine kabla ya kutoka kwenda kwenye maua. Wakati huo wale wazee waliokuja na kundi wanaendelea kufa. Yaani kundi jipya linapungua kwanza ndipo liongezeke, na wiki sita ni muda mfupi kabisa kabla halijawa na jeshi la kwenda shamba. Tikiti lako linachanua kama wiki tano baada ya kupanda mbegu. Ukitundika mizinga siku unapopanda, umechelewa. Tundika miezi mitatu au minne kabla, wakati wa makundi kuhama pande zenu. Afisa nyuki wa wilaya au mrina asali yeyote mzee wa hapo atakuambia ni lini.

Idadi: kwa tikiti huwa tunapendekeza mzinga mmoja hadi miwili kwa ekari. Ekari zako tatu ni mizinga mitatu hadi sita yenye nyuki. Sisitizo liko kwenye *yenye nyuki*. Tundika mitano, ukipata mitatu iliyoingiwa msimu wa kwanza shukuru. Kumi mwambie huyo jamaa yako ni ya mtu mwenye shamba la ekari saba.

Na mzinga unaokufaa wewe haufanani na ule anaoutaka mlina asali. Yeye anataka masega mazito. Wewe unataka majana, yaani mayai na watoto kwenye masega, kwa sababu watoto ndio wanaolishwa chavua. Kundi lenye majana mengi linatuma vibarua wengi kukusanya chavua, na hao ndio wanaojipaka unga mwili mzima. Kwa hiyo usirine wakati shamba linachanua, na ukirina usiguse masega ya watoto.

Nyuki ana tabia nyingine nzuri inayoweza kukugeuka. Akishachagua aina ya ua, safari nzima anashinda kwenye ua hilo hilo. Ndiyo maana anafaa. Hakuletei chavua ya mwembe kwenye tikiti. Lakini ua la tikiti ni maskini wa mbochi. Likishindana na mkorosho au mnazi uliochanua jirani, nyuki wako watalipita juu kwa juu, maana kwenda kilomita moja au mbili kwao si safari. Ukiweza, panga kupanda ili matikiti yasichanue katikati ya msimu wa maua ya mikorosho. Wale wenye nyuki wa kuhamishika huwaleta shamba likiwa limeanza kuchanua, kama ua moja kati ya kumi, wasije wakazoea kwingine. Wewe, nyuki wako wakiwa wakazi, silaha yako ni tarehe ya kupanda.

Tena usiwasahau vibarua wengine wasio na mzinga. Kuna wale nyuki wadogo weusi wasiouma, kuna wale wakubwa wanaotoboa mbao za paa, kuna wanaochimba vitundu ardhini. Wengi wao wanaingia kwenye ua la tikiti mapema na kwa bidii. Acha ukanda wa mita mbili tatu pembezoni bila kulima wala kupiga dawa, uache gogo lililooza, upande na mirehani. Hao hawahitaji ulezi.

Mke wako ana hoja

Asali kwanza, nisisahau. Kutoka kwenye matikiti yenyewe utapata kidogo sana. Asali yako italetwa na minazi, mikorosho na vichaka, kwa miezi ambayo shamba limelala. Hesabu asali kama chai ya mgeni. Mshahara wako ni matikiti yaliyonyooka.

Sasa nyumbani. Mizinga isikae uani. Iweke upande wa shamba ulio mbali na nyumba na njia ya watu, mita 200 au zaidi kama eneo linaruhusu, nyuma ya kichaka au ua wa miti, ili nyuki wakitoka wapande juu kwanza kabla ya kusambaa. Mlango wa mzinga usielekee kwenye njia. Tundika kwa waya kimo cha kiuno, waya upakwe grisi, maana siafu wakiupata mzinga usiku mmoja asubuhi hukuti kitu. Weka karai la maji lenye vijiti vya kukanyagia karibu na mizinga, la sivyo watakuja kunywa kwenye ndoo za mama watoto, na hapo vita itaanza kweli.

Wewe na vibarua mfanye palizi karibu na mizinga asubuhi sana au jioni, bila kelele za mashine. Kuifungua ni kazi ya jioni, kwa mavazi kamili na bomba la moshi, na mara ya kwanza uwe na mtu aliyezoea. Nyuki akiuma anaacha mwiba unaotoa harufu kama ya ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo inayowaita wenzake pale pale. Ukwangue mwiba haraka kwa ukucha, ondoka kwa miguu, usisimame kupunga mikono. Watoto wafundishwe kukimbia moja kwa moja hadi ndani na kufunga mlango. Kama kuna mtu hapo nyumbani ambaye akiumwa na nyuki mmoja anavimba uso au anabanwa pumzi, mizinga usiweke kabisa, ridhika na kubadili saa ya bomba na kutunza pembezoni.

Mbuzi ndio wasiwasi wangu mkubwa kuliko watoto. Mtoto atakimbia. Mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi anazunguka kigingi mpaka kamba inaisha. Nimeitwa kutazama mbuzi wa namna hiyo zaidi ya mara moja, na punda mmoja. Malisho yahamishie upande wa pili wa kisima kabla mzinga wa kwanza haujatundikwa, na siku ya kufungua mizinga wafungiwe bandani. Ukishahesabu nyuki wako kwenye maua 100, kwa siku tatu, niandikie namba hizo pamoja na jina la kiambato kilichopo kwenye chupa ya dawa, tuone kama hata hiyo mizinga mitano unaihitaji.